Sura ya Tano: Amri na Darasa

Mwezi Julai 1955 wakulima wa Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, Tanganyika, walikusanyika kuiambia serikali ya kikoloni kwamba hawachimbi tena matuta. Kwa miaka kadhaa walikuwa wamelazimishwa kukata ngazi kwenye mashamba yao, na aliyekwepa kazi aliadhibiwa. Mkutano ukageuka ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Kabla mwaka haujaisha mpango mzima ulikuwa umeachwa, na ngazi zilizokwisha kuchimbwa zikabaki kubomoka msimu baada ya msimu.

Anayefundisha afya ya udongo leo hana budi kuyajua ya Matombo, maana waliosimuliwa na wazazi wao bado wapo, na bwana shamba anayefika mlimani na kamba ya kupimia kontua anakuta watu wenye kumbukumbu. Serikali ya kikoloni haikuzusha tatizo. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Mto Ruvu, ambao vijito vyake vinatoka milimani humo, ulikuwa ukishusha tope, na maji yake yalihitajika kwenye mashamba ya mkonge ya tambarare na katika mji wa Dar es Salaam uliokuwa ukipanuka. Kosa lilikuwa kwenye dawa. Ngazi za aina ile zinataka udongo wenye kina, na sehemu nyingi za Uluguru udongo mweusi ni tabaka jembamba lililolala juu ya udongo mwekundu usio na chakula cha kutosha kwa mmea. Ukikata ngazi pale, unaufukia mweusi na kuupandisha mwekundu. Wakulima waliona mazao yakidumaa juu ya ngazi mpya, wakasema. Maofisa wakasikia uvivu na siasa. Siasa haikukosekana, kwani chama cha TANU kilikuwa kimetimiza mwaka mmoja tu na kilihitaji watu, lakini haikuwa TANU iliyoyafanya mahindi yawe manjano.

Linaloniuma zaidi ni kwamba elimu ya kulima mlimani bila kuupoteza udongo ilikuwepo nchini humo humo, na serikali ilikuwa na habari zake. Mwaka 1938 A. H. Pike aliieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records: ngoro za Wamatengo wa Mbinga, kusini magharibi mwa nchi. Kazi huanza mvua zinapoelekea kwisha, mwezi Februari au Machi. Wanaume hufyeka nyasi na kuziacha zinyauke, kisha huzipanga chini kwa mistari inayokatizana hadi mteremko mzima unakuwa miraba, kila mraba na upana wa mita moja na nusu au mbili. Wanawake huingia na majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunikiza juu ya nyasi. Kinachobaki ni mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta, na ndani ya kila tuta kuna nyasi zinazooza taratibu. Maharage hupandwa juu ya matuta mara moja. Mahindi yatafuata mvua za Novemba au Desemba, na magugu ya palizi hutupwa ndani ya mashimo. Mvua ikinyesha, hata iwe kubwa namna gani, maji hayapati njia ndefu ya kukimbilia. Yanatua shimoni, yanaacha udongo yaliouchukua, kisha yanazama. Baada ya mzunguko wa miaka miwili ngoro mpya huchimbwa, na mahali palipokuwa tuta panaweza kuwa shimo.

Hivyo basi, miaka mingi kabla ya Matombo, palikuwa na maandishi rasmi kuhusu watu waliokuwa wakilima miteremko mikali kwa mboji, kwa kuvuna maji na kwa kubadilisha mazao, tena bila kusimamiwa na askari. Haikumaanisha kwamba Waluguru nao wangeamriwa kuchimba ngoro. Ngoro zinataka nyasi nyingi, na zinataka nguvu nyingi, hasa za wanawake. Umatengo kwenyewe, ardhi ilipobanana na kahawa ilipopewa nafasi, familia nyingi zilijikuta zikikosa muda wa kuzipumzisha. Maofisa wangeweza kujifunza Mbinga namna ya kutazama: mvua ya hapa inapita wapi, udongo wa hapa una kina gani, mikono ya hapa inaweza kazi kiasi gani. Maswali hayo hayakuulizwa Uluguru. Hata leo mafunzo mengi huyaruka.

Mwaka huohuo wa 1938, ng'ambo ya mpaka, Wakamba wa Machakos waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ya Kenya ilikuwa imeamua kwamba ng'ombe wamezidi uwezo wa ardhi, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa nguvu. Waandamanaji walipiga kambi Nairobi kwa wiki kadhaa. Mbingu akahamishiwa Lamu, ila uuzaji wa lazima ukasimamishwa kabla ya mwaka kwisha. Baadaye zikaja kazi za lazima za matuta, na chuki ileile.

Lakini Machakos ina sehemu ya pili ya hadithi, nayo ndiyo inayonipa moyo. Wilaya hiyo ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamekaribia milioni 1.4. Vilima ambavyo wataalamu wa kikoloni waliviandikia kama vilivyokwisha kufa vilikuwa vimejaa makingo, miti ya matunda na mazao. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliyaandika mabadiliko hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1994, na kikawashangaza wengi waliodhani kuongezeka kwa watu lazima kuimalize ardhi.

Ilikuwaje? Baada ya uhuru wengi waliyaacha matuta kwa sababu yalinuka ukoloni. Kisha wakayarudia wenyewe, hasa miaka ya 1970, safari hii kwa mtindo waliouchagua: fanya juu. Unachimba mtaro kufuata kontua na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Ukuta mdogo unaotokea hukinga udongo unaoteremka, na palizi kwa palizi, mvua kwa mvua, shamba hujisawazisha lenyewe likawa ngazi. Ulinganishe na Matombo. Kule ngazi ilikatwa kwa mkupuo mmoja na udongo wa juu ukazikwa. Hapa ngazi hujengwa polepole na ule ule udongo wa juu unaokusanyika nyuma ya ukuta. Kazi ilifanywa na vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, waliozunguka kutoka shamba la mmoja hadi la mwingine. Tena palikuwa na sababu ya kuchoka: Nairobi ilinunua mboga na matunda, na kahawa, ambayo Mwafrika alizuiwa kuilima kwa muda mrefu, sasa ilikuwa halali yake. Mkulima aliyekinga maji aliona fedha.

Nisieleweke vibaya kwamba amri ilikwenda na mkoloni. Mwaka 1973 Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Uoto ulirudi kwa kasi, hilo halina ubishi. Makorongo yaliota nyasi na miti. Ila kaya zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao ya siku ya shida, na mifugo mingi ilihamia tu kuikanyaga ardhi ya jirani. Shinyanga ilifuata njia nyingine. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulikuta Wasukuma wana desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, ukajenga juu ya desturi hiyo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilizorudishwa zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta.

Njia ya kufundisha ambayo Tanzania tunaiita shamba darasa ilizaliwa mbali na haya yote, kwenye majaruba ya mpunga ya Indonesia. Wakulima huko walikuwa wakinyunyizia dawa dhidi ya mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mashina ya mpunga, na kadiri walivyonyunyizia ndivyo mdudu alivyozidi, kwa kuwa dawa iliwaua kwanza buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga. Ilikuwa amri, lakini safari hii iliwaelekea wauzaji wa dawa, na wakulima wakafunguliwa shule. Kuanzia mwaka 1989, kwa msaada wa FAO, vikundi vya wakulima vikakutana shambani kila wiki kwa msimu mzima kutazama nani anamla nani. Katikati ya miaka ya 1990 mtindo huo ukafika Kenya, kisha ukaenea Tanzania na Uganda, na somo likahama kutoka kwa mdudu hadi kwenye udongo.

Nieleze kikao kimoja kinavyokwenda, kwa sababu nguvu ya njia hii haionekani kwenye maelezo ya jumla. Kikundi kina watu kati ya 20 na 30. Wanakutana asubuhi kabla jua halijakaza, tangu kutayarisha shamba hadi kuvuna. Wana kipande cha majaribio kilichokodiwa au kutolewa na mwanachama, na kimegawanywa. Upande mmoja unalimwa kama kijiji kinavyolima: mabua yamechomwa, ardhi imepinduliwa yote kwa jembe. Upande wa pili haukupinduliwa. Imechanwa mistari ya kupandia tu, mabua yameachwa yalale kuwa matandazo, na katikati ya mahindi imepandwa fiwi. Mbegu ni ileile, siku ya kupanda ni ileile.

Wanaingia shambani kwa makundi ya watu watanowatano. Kila kundi linachukua mimea kumi bila kubagua, linahesabu majani, linapima urefu, linageuza jani kuangalia chini yake, linaingiza vidole kwenye udongo kuonja unyevu. Halafu wanakaa kivulini na karatasi kubwa na kalamu za rangi. Wanachora mmea katikati, wadudu waharibifu upande huu, marafiki wa mkulima upande ule, hali ya hewa juu, udongo chini. Asiyejua kusoma anachora vizuri kama anayejua, mara nyingi vizuri zaidi. Mwezeshaji ana sharti moja gumu: akiulizwa swali, asikimbilie kutoa jibu.

“Bwana shamba, huyu ana madhara?” Mama mmoja ameinua jani lenye buibui.

“Umemkuta wapi, mama?”

“Ndani ya moyo wa mhindi.”

“Alikuwa anakula jani?”

“Hapana. Alikuwa ameshika kiwavi.”

“Basi tumchore upande gani?”

Mabwana shamba wengi hupata shida na sharti hili. Walisomea majibu, wakapewa vyeti kwa majibu, na kijiji nacho kinawaheshimu kwa majibu. Kunyamaza mbele ya watu waliosubiri kusikia jina la dawa kunahitaji mazoezi kuliko kutaja dawa. Kwenye udongo ndiko kunyamaza kunakolipa zaidi, kwa sababu udongo unaweza kujieleza mbele ya macho ya watu kwa vifaa vya jikoni.

Chukua bonge la udongo ukubwa wa yai kutoka upande unaolimwa kila mwaka, na lingine kutoka chini ya ua au mti wa mpakani ambako jembe halijafika. Yaache yakauke. Tia maji kwenye glasi mbili, weka kipande cha wavu mdomoni mwa kila glasi, kisha laza mabonge juu ya wavu yazame majini. Mara nyingi bonge la shambani huanza kutoa mapovu, linamong'onyoka, na ndani ya dakika chache limekuwa tope chini ya glasi. Lile la mpakani hubaki bonge, na maji yake hubaki safi. Watu hunyamaza kwanza, kisha wote huongea pamoja. Mwezeshaji anauliza jambo moja: mvua ya kwanza ikipiga shambani, inafanya nini?

Kinachoshikilia bonge la mpakani ni gundi inayotolewa na mizizi na bakteria, pamoja na nyuzi nyembamba za kuvu zinazozunguka chembe za udongo na kuzifunga. Viumbe hivyo vinaishi kwa mabaki ya mimea na kwa sukari inayovuja kutoka kwenye mizizi hai. Jembe linapopindua ardhi yote kila mwaka, nyuzi hukatika, hewa huingia kwa wingi, na mboji huliwa haraka na kupotea hewani kama kaboni dayoksaidi. Mabua yakichomwa, hakuna kinachorudishwa. Baada ya miaka ya namna hiyo tone la mvua linavunja chembe, vumbi laini linaziba vitundu vya udongo, uso unakuwa ganda gumu, na maji yaliyopaswa kuzama yanateremka na shamba.

Jaribio la pili linataka mkebe wa rangi uliotolewa vitako vyote viwili, lita moja ya maji na simu yenye saa. Mkebe unasukumwa kidogo ardhini, maji yanamiminwa, wanahesabu muda wa kuzama, halafu wanahamia upande wa pili wa shamba. Jaribio la tatu linataka jembe tu. Chimba shimo la goti pembeni mwa mhindi uliokomaa na uifuate mizizi. Katika mashamba mengi utaikuta imeteremka hadi pale jembe linapofika kila mwaka, kisha imepinda na kutambaa ubavuni, kwa kuwa chini yake pamejengeka tabaka gumu lililogongwa na majembe miaka yote. Mkulima ambaye kila msimu alilaumu ukame anaona unyevu ulioko chini ya tabaka lile, ambao mhindi wake haukuufikia. Sijui hotuba inayoweza kufanya kazi ya shimo hilo.

Siku ya kuvuna kila upande unapimwa kwa mizani. Haiishii kwenye magunia: kikundi kinaandika siku za kazi, gharama ya mbegu, gharama ya kupalilia. Hapa ukweli mchungu hujitokeza pia. Mwaka wa kwanza upande usiopinduliwa huweza kuwa na magugu mengi zaidi, na asipouangalia vizuri mwanakikundi anaweza kutumia nguvu nyingi kupata mavuno yaleyale. Mafunzo yanayoficha jambo hili hupoteza watu msimu wa pili.

Je, njia hii inafaa? Utafiti wa Kristin Davis na wenzake uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda, ulikuta kipato cha washiriki kiliongezeka kwa wastani wa asilimia 61, na waliofaidi zaidi ni pamoja na wanawake na watu wenye elimu ndogo ya shule. Nchi hazikulingana: Uganda matokeo hayakuonekana wazi. Na huko kwenye asili yake, Indonesia, Gershon Feder na wenzake waliandika mwaka 2004 kwamba maarifa hayakusambaa kirahisi kwa majirani wasiohudhuria. Hili halinishangazi. Aliyeona bonge likiyeyuka kwenye glasi amepata kitu ambacho hawezi kumpa jirani kwa maneno ya kilabuni au msikitini. Jirani naye inabidi aone. Ndiyo maana naunga mkono vikundi vinavyotoa wawezeshaji wao wenyewe, mkulima aliyehitimu akafungua darasa kitongoji cha pili kwa glasi zilezile, kuliko mabango ya barabarani.

Kuna ugomvi mmoja ninaotaka kuuingilia kabla ya kuendelea, wa mbolea ya chumvichumvi. Wapo wanaofundisha kwamba mbolea hiyo ni sumu na imeua udongo wetu. Mashamba mengi ya Afrika Mashariki hayajawahi kuonja mbolea ya kutosha kuua chochote. Mwaka 2002 Pedro Sanchez aliandika katika jarida la Science kwamba mashamba ya nchi 37 za Afrika yalikuwa yamepoteza, kwa wastani, kilo 22 za nitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 15 za potasi kwa hekta kila mwaka kwa miaka 30. Kila gunia linalopakiwa kwenye lori linabeba sehemu ya hasara hiyo, na mboji peke yake haiwezi kurudisha fosforasi ambayo haipo kijijini.

Upande wa pili nao una kosa lake. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia kufikisha kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015. Hatukufika. Na hata tungefika, Paswel Marenya na Christopher Barrett walionyesha mwaka 2009, kwa takwimu za mashamba ya magharibi mwa Kenya, kwamba mahali ambapo kaboni ya udongo imeshuka sana mbolea ya nitrojeni huongeza mavuno kidogo mno kiasi cha kutorudisha gharama yake. Udongo usio na mboji haushiki maji wala haushiki chakula. Mvua moja kubwa inakisukuma chini ya mizizi. Maana yake ni kali kwa maskini: mwenye shamba lililochoka zaidi ndiye anayepata hasara zaidi kwa mfuko wa mbolea, hata wa ruzuku. Viongozi walipokutana tena Nairobi, Mei 2024, afya ya udongo ilikuwa imeingia kwenye jina la mkutano. Nafurahi kwa hilo. Mkulima anahitaji vyote viwili, na kwa mpangilio: kwanza samadi, mabaki na mikunde ili udongo uweze kupokea, kisha mbolea kidogo inayowekwa shinani.

Gugu la kiduha ni ushahidi mwingine wa shamba lililochoka. Ua lake la zambarau ni zuri, lakini mizizi yake hujichomeka kwenye mizizi ya mahindi au mtama na kunyonya. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo huweza kukaa udongoni miaka mingi zikisubiri harufu ya mzizi wa nafaka. Hustawi pale nitrojeni ilipokwisha. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan walikuwa miaka ya 1990 wakitafuta njia ya kumzuia funza wa mabua. Walipanda desmodiamu, mkunde unaotambaa, katikati ya mahindi ili harufu yake imfukuze nondo, na mabingobingo pembezoni ili yamvute. Nondo aliondoka kweli, lakini waligundua jambo ambalo hawakulitafuta: kiduha nacho kilitoweka. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kiduha, na nyingine zinazoizuia isishike mzizi wa mahindi, ikafa njaa. Juu ya hayo mkunde huo unafunika ardhi, unaongeza nitrojeni na unakatwa kuwalisha ng'ombe. Hapo mkulima anaona kwa macho kwamba magugu, wadudu, maziwa na rutuba ni shauri moja.

Ng'ombe ndiye anayevuruga masomo mengi. Vijiji vingi vina desturi kwamba mazao yakishavunwa mashamba yanakuwa malisho ya wote. Unamfundisha mtu kuacha mabua yawe matandazo, anayaacha, na ndani ya wiki mbili mifugo ya kijiji imeyamaliza na kuukanyaga udongo uliolegea. Mtu mmoja hawezi kulitatua hilo kwa ujuzi. Linahitaji mkutano wa kijiji, sheria ndogo, na wafugaji wakae ndani ya darasa tangu siku ya kwanza, kwa sababu samadi ni yao. Mahali ambapo mfugaji na mkulima hawasalimiani, fundisha jambo lingine kwanza.

Soko nalo linafundisha, tena kwa sauti kubwa. Mbaazi ni zao jema sana kwa udongo: mizizi yake inazama hadi kulipasua tabaka gumu, majani yanadondoka yakawa mboji, nitrojeni inaongezeka. Wakulima wa Babati, Lindi na Mtwara walizilima kwa wingi. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu, ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia, bei ikaanguka, magunia yakabaki ndani. Ukimwambia mkulima yule apande mbaazi kwa ajili ya udongo, ana haki ya kukuuliza atamuuzia nani.

Na liko suala la posho. Mafunzo ya siku tatu kwenye ukumbi, yenye soda, bahasha na picha ya pamoja, yameharibu uhusiano wa mkulima na elimu katika vijiji vingi. Watu hujiandikisha kwa ajili ya bahasha, kijiji kinatoa watu walewale kwa kila mradi, na mradi unapofungwa mashamba ya mfano yanarudi kuchomwa. Udongo hauwezi kupona ndani ya robo mwaka ya bajeti; mboji hujengeka kwa misimu. Afadhali bibi shamba mmoja mwenye pikipiki na mafuta anayerudi kijiji hichohicho miaka mitano, kuliko semina kumi.

Lakini hata darasa bora linagota kwenye ukuta mmoja, nao ni umiliki. Wengi wanaohudhuria ni wanawake, na wengi wao wanalima ardhi ya mume au ya ukoo wa mume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki na kutumia ardhi, ila mjane anayefukuzwa na mashemeji hana sheria mkononi, ana watoto na kikapu. Vijana wao wanakodi kwa msimu mmoja. Mpangaji wa msimu mmoja akimwaga samadi, akakinga maji, akaacha mabua, anajua vizuri nini kitatokea: shamba litapendeza, na mwenyewe atalitaka. Asipofanya yote hayo tusimwite mjinga. Amepiga hesabu sawasawa.

Kwa hiyo naona mkataba wa kukodi shamba ni sehemu ya somo la udongo, na unastahili kufundishwa pamoja na glasi za maji na mkebe wa rangi. Hauhitaji kuwa mrefu. Majina ya pande mbili na ya wake zao, mipaka kwa miti inayojulikana, misimu isiyopungua minne, kodi na tarehe ya kuilipa, ruhusa ya kuacha mabua na kupanda miti ya mpakani, na kipengele kinachosema kwamba mwenye shamba akilitaka kabla ya muda atalipa gharama ya samadi na makinga maji yaliyowekwa. Mashahidi wawili, na nakala moja ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Kikundi kinaweza kuuandika kwa asubuhi moja, zile wiki za mwisho wa msimu ambapo mahindi yamesimama kukauka na hakuna la kupima shambani.